Robo Saa ya Saa Sita Mchana

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni hapa Temeke na nawashukuru, ingawa sijaelewa mtu aliyeambiwa asije tena kazini anatakiwa awahi wapi. Mkaniomba pia niandike mambo ya zamani, ili vijana wa kitengo cha maoni ya wasikilizaji wajue tulikotoka. Haya, naandika. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, na mishahara yenyewe haina la kusimulia. Nitawaandikia kazi moja tu, ile ya kwanza, kwa sababu zilizofuata zote nilizifanya kwa namna nilivyofundishwa kwenye hiyo.

Niliingia kazini miaka ile ya ujamaa, wakati kila mtu alikuwa ndugu, hata yule aliyekuwa anakufokea. Ilikuwa inafikiriwa kufunguliwa idhaa mpya ya redio kwa ajili ya Temeke, Kinondoni na vijiji vya pwani ya kusini. Wenzetu wa Unguja walishakuwa na televisheni. Sie wa bara tuliambiwa televisheni ni anasa, tutulie kwanza, basi tukatulia na redio. Ikasemwa kwamba kabla ya kusimamisha mtambo wananchi waulizwe wanataka kusikia nini, ikaundwa kamati. Mie nilichukuliwa baada ya mtu mmoja kugundua kwamba kamati nzima ni wanaume na huko vijijini nusu ya wasikilizaji ni akina mama. Nilikuwa na cheti cha ukarani, najua kupiga taipu, na nilikuwa mwanamke. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipa kazi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bwana Fidelis, fundi wa sauti, Mmakonde wa Newala. Alikuwa mrefu, mkimya, na hakuwa na haraka na kitu chochote isipokuwa chai. Mashine yake ya kunasia sauti ilikuwa ya mikanda, nzito mpaka ukiibeba unatembea upande. Aliifunga kwa kanga kuukuu ya mkewe kuzuia mchanga. Betri zikichoka alizianika juu ya boneti ya gari, zikapata nguvu za kumalizia mkutano. Nyie mnaochomeka waya ukutani mtacheka, lakini nimeona mawaziri wakikosa kusikika kwa sababu fundi wao alidharau jua.

"Dada Zuhura," aliniambia asubuhi ile, "watu watakuambia kazi yetu ni kuuliza maswali. Kuuliza kila mtu anajua. Sie tunawarudishia sauti zao. Utaona."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mkutano wa kwanza ulikuwa hapa hapa Temeke, kwenye ukumbi uliojaa wapakuzi wa bandarini waliotoka zamu. Mwenyekiti wetu alikuwa Ndugu Kilindo, msomi wa kutoka nyanda za juu, mchapa kazi, suti yake ya mikono mifupi imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Hakuwa mtu mbaya, nasema mapema ili msije mkamwonea. Alisimama na karatasi yake ya maswali.

"Ndugu wananchi, mnataka kipindi cha kilimo bora?"

"Ndiyooo."

"Mnataka mafunzo ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa?"

"Ndiyooo."

Pale ukumbini hapakuwa na mtu mwenye hata tuta la mchicha. Lakini enzi zile serikali ikikuuliza mbele za watu, jibu lilikuwa linajulikana, na mikono ilipanda kabla swali halijaisha. Waliitikia ufugaji wa nyuki, wakaitikia upandaji wa pareto. Ndugu Kilindo aliandika yote kwa furaha.

Alipomaliza, Bwana Fidelis akaomba dakika chache. Akarudisha mkanda nyuma na kuwasikilizisha walivyojibu. Watu wengi pale walikuwa hawajawahi kusikia sauti zao zikitoka kwenye kitu. Kwanza walitazamana, kisha wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Ile "ndiyooo" ilivyokuwa inarudi, moja baada ya nyingine, ilianza kuwatia haya. Mpakuzi mmoja wa mbele akasimama akijifuta macho.

"Hebu zima, mzee," akasema. "Tuanze upya. Mie ng'ombe nitamfugia wapi, uvunguni?"

Ndipo wakasema. Walitaka mpira utangazwe mpaka mwisho, usikatwe kwa ajili ya hotuba. Walitaka kujua meli gani inaingia kesho, maana huo ndio ugali wao. Ndugu Kilindo alilazimika kugeuza karatasi na kuandika upande wa pili.

Hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa, na mpaka leo sijaona nyingine iliyo bora. Mtu ukimuuliza, anakujibu wewe. Ukimsikilizisha alichosema, anaanza kujijibu mwenyewe. Kule Chamazi, balozi wa nyumba kumi aliwajibia watu wake wote kuhusu vipindi anavyovipenda redioni. Tulipompigia mkanda, mkewe akauliza kwa upole mume wake anasikilizia redio ya nani, kwa sababu ya kwao iliungua.

Halafu tukaenda Kimbiji. Tulivuka na pantoni, tukapita Kigamboni, na kuanzia hapo barabara ilikuwa mchanga ambao landrova ilikuwa inausukuma zaidi ya kuupita. Mara mbili tulishuka tukakata makuti ya kutandika chini ya magurudumu. Ndugu Kilindo alikata na yeye. Tulifika watu wameshakusanyika, wanaume mbele ya ofisi ya kijiji, wanawake kwenye baraza ya nyumba ya jirani, wametupa migongo nusu, lakini masikio yote yako kwetu.

Maswali yalianza na "ndiyo" zikaanza. Baada ya kurudishiwa sauti, mzee mmoja aliyeitwa Mzee Mbwana akanyanyuka. Alikuwa na kikohozi kibaya, kila maneno manne anakohoa.

"Sie tuna ombi moja," alisema. "Matangazo ya vifo. Redio inayasoma usiku baada ya taarifa ya habari. Usiku sie tumeshatoka makaburini. Hiyo idhaa mpya iyasome mchana."

Kwa vijana mliozaliwa na simu mfukoni, nieleze kidogo. Pwani mtu akifariki alfajiri, alasiri anazikwa. Hatulazi maiti ila kwa dharura. Mjumbe alitumwa kwa baiskeli mpaka Kigamboni, avuke, atafute nyumba moja moja, Temeke, Mbagala, Magomeni. Wengi aliwapata jua limeshazama.

Ndugu Kilindo alimsikiliza vizuri tu, kisha akauliza, kwa nia njema kabisa:

"Lakini ndugu zangu, kwa nini msingoje kesho? Kwetu tunangoja hata siku tatu, mpaka wa mbali wafike."

Hakuna aliyemjibu. Mzee Mbwana mwenyewe alisahau kukohoa. Hawakuwa wamekasirika. Walikuwa wanaona haya kwa niaba yake, jinsi mtu unavyofanya mgeni akinawa kwenye maji ya kunywa. Kimya kile kilikaa, kikakaa, mpaka Ndugu Kilindo akatazama karatasi na kusoma swali linalofuata, elimu ya watu wazima. Wakajibu ndiyo.

Bwana Fidelis hakuzima mashine. Niliona mikanda inazunguka muda wote ule wa kimya, nikadhani amesahau.

Baadaye nilikwenda barazani kwa akina mama, mie na mashine tu. Nilisalimia, nikaulizwa mie wa nani, babangu anafanya kazi gani, mamangu katokea wapi, na nani ananioa. Msiruke sehemu hiyo. Mtu hawezi kukupa lake wakati hujui kumpa lako. Niliposema babangu ni mpakuzi bandarini na tunakaa Temeke, bibi mmoja aliyekuwa pembeni akasogea. Jina lake Bi Mwanahawa binti Kombo, mjane.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa. Ungependa redio mpya itangaze nini?"

"Marahaba, mwanangu. Afya ya watoto. Na mapishi."

Nikamsikilizisha. Aliinamia mashine, mkono kwenye shavu.

"Huyo ni mie?" aliuliza. "Mbona ana sauti ya mamangu." Akatoa mkono shavuni. "Na mamangu hakuwa mwongo. Mapishi nayatakia nini umri huu? Washa tena, mwanangu."

Nikawasha. Hayo aliyoyasema nayakumbuka, kwa sababu niliyasikiliza mara nyingi kuliko kanuni zilivyoruhusu.

Mumewe alifariki alfajiri. Mwanawe wa pekee, Hamisi, alikuwa anafanya kazi bandarini, anapanga Temeke. Hamisi na babake walikuwa hawaelewani, babake alitaka abaki na shamba la minazi, yeye akataka mji. Mjumbe alitumwa na baiskeli. Alifika alikokuwa anapanga Hamisi akakuta amehama chumba. Akaenda bandarini, getini wakamwambia Hamisi yuko ndani ya meli, asubiri watoke. Huku Kimbiji wakasogeza maziko kutoka adhuhuri hadi alasiri, na alasiri yenyewe wakaivuta. Jua likawa linakwenda. Mzee Mbwana, mdogo wa marehemu, ndiye aliyesema sasa tumsitiri kaka. Hamisi alifika kesho yake. Alikuta udongo umeshakauka juu. Alimtazama Ba'mdogo wake akasema, "Mmemfukia baba kama mnaficha kitu." Akageuka na kuondoka, na mpaka siku ile niliyoinasa sauti ya mama yake alikuwa hajakanyaga tena Kimbiji.

"Anadhani tulifanya kusudi," Bi Mwanahawa alisema karibu kabisa na kinasa sauti, kana kwamba Hamisi amekaa humo ndani. "Hamisi, mwanangu. Tulikungoja. Jua ndilo lililokataa kungoja."

Akaniangalia. "Wewe si wa Temeke? Na hicho chombo si kinabeba sauti? Basi nibebee."

Sikumwahidi. Nilijua mikanda ni mali ya ofisi, na baada ya ripoti inafutwa itumike tena, kwa sababu ilikuwa adimu kuliko sukari. Lakini sikumwambia hapana pia.

Ofisini Ndugu Kilindo alitupa rasimu yake tuisome. Kilimo, afya, elimu ya watu wazima, mpira, meli. Vifo havikuwemo.

"Idhaa mpya haiwezi kufunguliwa kwa misiba," alisema. "Watu watasema tumewajengea mtambo wa matanga. Na ya usiku yapo, wanasikiliza."

Mie nilitaka kubishana. Bwana Fidelis alinizuia kwa kidole kimoja, akasema tu kwamba kuna mkanda ambao ingependeza mwenyekiti ausikie kabla haujafutwa. Akaweka ule wa Kimbiji. Tukasikia kikohozi cha Mzee Mbwana, ombi lake, kisha sauti ya Ndugu Kilindo: "Kwa nini msingoje kesho?" Kisha ukaja ule ukimya.

Sijui kama mmewahi kusikiliza ukimya ulionaswa. Unasikia kuku. Unasikia mtu anahamisha mguu kwenye mchanga. Ofisini ulionekana mrefu maradufu. Ndugu Kilindo alianza kugonga meza kwa kalamu, kisha akaacha.

"Mbona hawakunijibu?" akauliza.

"Ulichowauliza huwa hakiulizwi," nikamwambia, na nikamweleza kuhusu maiti na jua. Kisha, kwa sababu nilikuwa mdogo na sikujua mipaka, nikamwomba amsikilize na Bi Mwanahawa.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani.

"Kwetu ukikuta mzazi ameshazikwa kabla hujafika," alisema, "ni kama ndugu zako wamekufuta."

"Hamisi naye kaona hivyo hivyo," nikasema.

Alikaa akitazama rasimu. "Hebu zima," akamwambia Bwana Fidelis. "Tuanze upya." Sina hakika kama alijua anarudia maneno ya mpakuzi wa Temeke. Bwana Fidelis alijua, niliona mdomo wake ukicheza.

Basi matangazo ya vifo yakaingia kwenye ripoti, na yakaingia mwanzoni. Kabla mkanda haujafutwa nilimwuliza Bwana Fidelis kama tunaweza kuuazima Jumapili moja.

"Mkanda ni wa ofisi," alijibu. "Sauti ni ya yule mama. Tutaupeleka mkanda kwa sababu sauti haiwezi kwenda yenyewe."

Babangu alimpata Hamisi bandarini, akamleta nyumbani baada ya chakula cha mchana. Alikuwa kijana wa mabega mapana, amenuna. Alisema amekuja kwa heshima ya babangu tu na ana haraka. Bwana Fidelis alifungua ile kanga, akawasha. Hamisi alisikiliza ameinamia sakafu. Mama yake alipomtaja jina aliinua uso haraka, akatazama mlangoni. Mkanda ulipoisha Bwana Fidelis akamwuliza kama alivyokuwa anawauliza wananchi wote:

"Una la kuongeza?"

Hamisi aliisogelea mashine. Kisha akauliza, "Huyo anayekohoa kwa mbali ni nani?"

"Mzee Mbwana," nikasema. "Alikuwa amekaa ng'ambo ya njia."

"Ba'mdogo," alisema. "Bado anakohoa vile." Akanyanyuka, akavaa kandambili zake, akaondoka. Hakusema ahsante wala kwaheri. Niliumia, nasema kweli. Nilikuwa nimetegemea machozi, au angalau swali kuhusu pantoni. Bwana Fidelis alifunga mashine yake akaomba chai.

Jumatatu mkanda ukafutwa. Nadhani tulinasa juu yake semina ya ushirika.

Ile idhaa mpya haikujengwa. Kwanza mtambo ulichelewa, kisha fedha za kigeni zikawa hakuna, kisha hata sabuni ikawa hakuna na watu wakaacha kuuliza habari za mtambo. Kitu kimoja tu kilitoka kwenye ile ripoti, na alikipigania Ndugu Kilindo, ofisi kwa ofisi, mpaka wenzake wakampa jina la utani la Bwana Matanga. Kilikuwa robo saa, kila siku saa sita mchana, kwenye redio ile ile iliyokuwepo: matangazo ya vifo vya siku hiyo kwa watu wa pwani. Mjumbe akifika Kigamboni penye simu na kupiga redioni, kazi yake imekwisha. Kamati nzima, magari, makuti tuliyokata, tukapata robo saa ya misiba. Vijana wa ofisini walikuwa wanatucheka. Mie pia nilikuwa nacheka, ila saa sita ikifika nilikuwaga napunguza sauti ya taipu.

Miaka ikapita. Bwana Fidelis alistaafu akarudi Newala, akaniachia ile kanga. Nilifanya kazi nyingine nyingi, na kila niliyemfundisha nilimwambia yale yale, salimia kwanza, wasikilizishe, usizime kwenye ukimya. Habari za Kimbiji sikuzipata tena.

Siku moja nilikuwa ofisini nakula mihogo, redio iko mezani. Saa sita ikagonga. Msomaji akasoma wa kwanza, wa Magomeni, simjui. Kisha akasoma:

"Bwana Hamisi Shomari wa Kimbiji anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mpenzi, Bi Mwanahawa binti Kombo, kilichotokea leo alfajiri nyumbani kwao Kimbiji. Maziko ni leo alasiri. Habari ziwafikie shangazi yake aliyeko Mbagala, binamu zake wa Kinondoni, Bwana Fidelis fundi wa mashine aliyeko Newala, na dada yake Zuhura wa Temeke."

Niliweka muhogo chini. Kwanza nililisikia jina la Bi Mwanahawa. La pili nililosikia ni kwamba Hamisi sasa ni wa Kimbiji. Jina langu nilichelewa kulitambua, kama walivyochelewa wapakuzi kutambua sauti zao.

Ndugu Kilindo, ambaye siku hizo ndiye alikuwa mkuu wetu, alitokea mlangoni kabla sijasimama. Naye alikuwa na redio. "Landrova iko chini," alisema. "Dereva nimeshamwambia."

Pantoni ilituchelewesha, na mchanga ukatuchelewesha zaidi. Nilikuwa natazama jua kupitia dirisha la dereva na kulichukia. Tulipoingia Kimbiji wanaume walikuwa wamesimama nje ya nyumba, wamevaa kofia, jeneza liko mlangoni, bado tupu, na Mzee Mbwana, mzee kabisa sasa, amekalishwa kwenye kiti anakohoa. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa zamani. Hakuna aliyekuwa amenyanyua kitu.

Hamisi alikuja mpaka kwenye gari akanifungulia mlango. Alikuwa ameanza mvi.

"Ingia ndani ukamwone, dada," alisema. "Tumekungoja, na leo jua limekubali."